Utajuaje? Definisheni za kemia nilivyokuja kuzielewa nikiwa nafundisha

Nafundisha tuisheni ya kemia jioni huku Tanga, na wanafunzi wangu wengi sio watoto, ni watu wazima wanaorisiti fom fo, yupo fundi ujenzi, yupo dada wa duka la dawa, yupo mama mmoja anauza vitumbua asubuhi alafu jioni anakuja darasani na daftari lina alama za mafuta, na wote hao wakija siku ya kwanza wanakuja na kitu kinachofanana, daftari la definisheni. Neno kwa kalamu nyekundu, maana kwa kalamu ya bluu, mstari chini. Wamezimeza zote. Ukimshtua mtu usiku wa manane ukamwambia maada anakutiririshia hapohapo, chochote chenye masi na kinachochukua nafasi, mpaka nukta ya mwisho.

Mimi sina ugomvi na kukariri, mtihani unataka maneno na maneno lazima yawepo kichwani. Ila nimekaa kwenye hii kazi muda wa kutosha kuona mtu anabeba definisheni mia na hawezi kutumia hata moja, na dawa niliyoona inafanya kazi ni swali moja tu ambalo nalirudia mpaka wameshaanza kunitania nalo nikipita mtaani: utajuaje? Umeniambia elementi ni kitu ambacho hakiwezi kugawanywa kuwa vitu rahisi zaidi kwa njia za kikemia, safi kabisa, umepata maksi zako, sasa hii sukari ni elementi au sio? Sio. Utajuaje? Hapo kimya, alafu mmoja anajitosa, "kitabu kimesema ni kampaundi, madam, elementi kadhaa zimeungana kikemia." Basi tuko palepale, kwa sababu kitabu nacho kuna mtu alikaa akajua kabla ya kuandika. Akachoma sukari kwenye kijiko ikabaki nyeusi, yaani kaboni, na maji yakatoka kama mvuke. Unaweza kufanya hivo jikoni kwako leo.

Hili swali sikulitoa chuoni, nimelitoa kwa mjomba wangu aliyekuwa anachoma chokaa. Wanaoijua Tanga wanajua mawe ya chokaa huku yapo ya kumwaga, hata yale mapango ya Amboni ni mwamba huohuo ulioliwa na maji miaka na miaka. Mjomba kemia hakuisoma. Tanuri anapanga kuni na mawe, anawasha, linaungua usiku na mchana, joto la kuiva chokaa linafika kama nyuzi 900 hivi, alafu linaachwa lipoe. Wakati wa kutoa mawe ndo pa kuangalia vizuri, maana jiwe linatoka na umbo lilelile, pembe zake zilezile, ukilitazama tu unaweza kusema halijapatwa na kitu, ila ukiliinua ni jepesi mpaka unashtuka, mkono umejiandaa kwa uzito wa jiwe na uzito haupo. Mjomba anasema jiwe limetoka roho. Na ukimuuliza mjomba, utajuaje kama limeiva lote mpaka ndani? Hajibu kwa maneno, anachukua bonge moja analimwagia maji kikombe. Lililoiva linatulia kidogo, alafu linaanza kuzomea, linafoka mvuke bila moto wowote, linapasuka, linavimba, mwisho linabaki unga mweupe wa moto. Lisiloiva linalowa tu limekaa. (Msijaribu bila miwani na glavu, ile ikirukia jichoni ni hospitali moja kwa moja, mimi nilikuwa nafukuzwa mbali na bado narudi kuchungulia.)

Hiyo ilikuwa definisheni yake ya chokaa iliyoiva, na kipimo kiko ndani yake. Shuleni ndo nikaja kukutana na hesabu, kwamba jiwe la chokaa ni kalsiamu kaboneti, ukilichoma linaachia kaboni dayoksaidi na linabaki kalsiamu oksaidi, kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56 na zile 44 zimepaa. Roho ya mjomba ni gesi. Ukiwa na hiyo picha kichwani, ile sheria ya kwamba masi haipotei kwenye mmenyuko, yaani vitu vinapobadilika kuwa vitu vipya, haikusumbui tena, maana unajua kilichopungua kimeenda wapi na kingeweza kupimwa kama tanuri lingekuwa na mfuniko na bomba.

Kwa hiyo nikifika kwenye elementi naanza na chokaa, na sababu ni kisa cha Lavoisier. Huyu mwanakemia Mfaransa mwaka 1789 alitoa kitabu kikiwa na jedwali la vitu rahisi 33, na definisheni yake ilikuwa ya kiungwana sana, elementi ni pale uchambuzi unapogota, yaani kile ambacho mpaka sasa hatujapata njia ya kukivunja. Ndani ya jedwali imo oksijeni, imo haidrojeni, salfa, shaba, dhahabu, ambazo tunazikubali mpaka leo. Imo mwanga. Imo joto. Na imo chokaa. Chokaa hii hii ya kupaka ukutani imekaa kwenye orodha ya elementi, darasa zima linacheka, fundi wangu ndo alicheka kuliko wote. Nikawaambia msicheke, mngekuwa nyinyi mngeifanyaje? Moto wa tanuri unavunja jiwe la chokaa, sawa, ila hicho kinachobaki uchome uwezavyo hakivunjiki, na Lavoisier mwenyewe alihisi kwamba vitu vya aina hiyo huenda ni oksaidi, yaani oksijeni imeungana na metali ambazo hazijapatikana bado, ila kuhisi sio kujua, akaiweka pale. Ikabidi ingojewe betri. Mwaka 1808 kule London mwanakemia Humphry Davy akapitisha umeme na kuitoa metali iliyokuwa imejificha ndani ya chokaa, ndo kalsiamu, na chokaa ikafutwa kwenye orodha. Lavoisier hakuwepo kuona, walishamkata kichwa Paris mwezi Mei 1794 kwenye mapinduzi yao.

Sasa angalia, definisheni haikubadilika hata neno, kilichobadilika ni uwezo wa kuvunja. Ndo maana lile neno "hakiwezi" kwenye daftari la wanafunzi linanipa shida kidogo, kwa sababu linasikika kama amri ya Mungu kumbe maana yake ni tumejaribu ikagoma. Leo tuna njia nzuri zaidi, tunahesabu protoni, zile chembe zenye chaji chanya ndani ya atomi, elementi ni atomi zenye idadi moja ya protoni kwenye kiini, na hiyo nayo utajuaje? Kwa eksirei, mwaka 1913 mwanafizikia Henry Moseley alipima eksirei zinazotoka kwenye elementi mbalimbali akaona kila moja ina namba yake, zimepangana kwa hatua. Toka hapo ukiwa na mashine huna haja ya kuvunja kitu ili ujue.

Fundi ndo aliyenipa somo la mabadiliko ya kikemia bila yeye kujua. Kwenye madaftari yao yote imeandikwa kwamba mabadiliko ya kifizikia yanarudi nyuma na ya kikemia hayarudi. Barafu inayeyuka inarudi kuwa barafu, karatasi ikiungua imeungua. Basi tukawa tunaongelea chokaa, fundi akasema kitu ambacho mafundi wote wa pwani wanakijua, kwamba ukuta wa chokaa kadiri unavyokaa ndo unavyozidi kuwa mgumu, magofu ya Kilwa yale matumbawe yameshikwa na chokaa na yamesimama karne na karne. Nikamuuliza unadhani kwanini, akasema "inarudi kuwa jiwe, madam." Na ndo ukweli wenyewe! Chokaa iliyomwagiwa maji ni kalsiamu haidroksaidi, ikipakwa ukutani inavuta taratibu kaboni dayoksaidi ya hewani, inatoa maji, inakuwa kalsiamu kaboneti tena, jiwe lilelile lililoingia kwenye tanuri. Limezunguka limerudi lilipoanzia na kila hatua ni mmenyuko wa kikemia. Kwa hiyo kigezo cha kurudi na kutorudi kinavuja. Na upande wa pili mchele ukishausaga haurudi kuwa punje, lakini kusaga ni kifizikia tu.

Kigezo kinachoshika ni je, kimepatikana kitu kipya? Na utajuaje kuna kitu kipya? Unapima tabia zake. Jiwe la chokaa likimwagiwa maji halifanyi kitu, lililochomwa likimwagiwa linazomea, basi sio kitu kilekile. Ukitaka kuisikia ile roho ya mjomba imeenda wapi chukua maji ya chokaa yaliyochujwa yakawa maangavu kama ya kunywa, pulizia kwa mrija, yanageuka ukungu mweupe, hiyo ni pumzi yako inatengeneza mawe madogomadogo ndani ya glasi. Darasa zima lilipuliza siku ile mpaka mama wa vitumbua akaomba arudie.

Mchanganyiko na kampaundi sitawachosha nazo, nitasema moja tu. Nilileta chupa ya maji ya dukani imeandikwa maji safi, nikauliza hii ni kampaundi au mchanganyiko, wote kwa sauti moja, kampaundi, maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja. Nikampa dada wa duka la dawa asome lebo, anasoma kalsiamu miligramu kadhaa kwa lita, magneziamu, sodiamu, kloraidi, anasoma huku sauti inapungua. Safi ya kunywa na safi ya kemia ni vitu viwili. Kwenye kampaundi uwiano haubadiliki, chumvi ya mezani ikiwa imetoka baharini au imetoka kwenye chemchemi za Uvinza, ikishasafishwa ni gramu 23 za sodiamu kwa gramu 35.5 za klorini, hakuna ya Kigoma ina sodiamu zaidi. Maji ya bahari yenyewe ndo mchanganyiko, wastani ni kama gramu 35 za chumvi kwa lita ila kwenye mlango wa mto inashuka na kwenye dimbwi la jua kali inapanda.

Na hapohapo kwenye chumvi kuna definisheni ambayo kila mtu anaisoma na hakuna anayeiona, mmumunyo uliotosheka. Yaani maji yamebeba chumvi mpaka mwisho wa uwezo wake kwa joto lile, ukiongeza inakaa chini. Kwa chumvi ya mezani mwisho ni kama gramu 36 kwa gramu 100 za maji. Sasa fikiria wanaovuna chumvi kwenye mashamba ya huku pwani, maji yanaingia yana gramu 35 kwa lita nzima, ili chumvi ianze kutua lazima jua lile maji mpaka yabaki karibu sehemu moja ya kumi, ndo maana wana madimbwi yanapokezana, la kwanza pana, linalofuata, mpaka lile la mwisho ambapo fuwele zinaanza kuonekana. Fuwele ya kwanza ikitua ndo jibu la utajuaje. Mvuna chumvi anaijua hiyo definisheni kwa macho, mwanafunzi anaijua kwa mdomo, na mara nyingi mvuna chumvi ndo baba yake.

Atomi, molekuli (atomi zilizoungana) na ioni (chembe zenye chaji ya umeme) huwa napita haraka kwa sababu kipimo chake hakipo jikoni. Nasema tu kwamba mwanakemia Dalton mwaka 1808 alisema atomi haigawanyiki na mwaka 1897 mwanafizikia J. J. Thomson akatoa elektroni, chembe ndogo zaidi, ndani yake, kwa hiyo mkikuta "chembe ndogo isiyogawanyika" kwenye pepa mkimbie, andikeni chembe ndogo kabisa ya elementi inayoweza kushiriki kwenye mmenyuko wa kikemia. Na chumvi haina molekuli jamani. Ina ioni za sodiamu na za kloraidi zimepangana kwa zamu pande zote, ukisema molekuli ya chumvi nakata maksi na sijuti.

Moli ndo inayoua watu. Nimeona watu wanaoelewa kila kitu kingine wakifika kwenye moli macho yanakufa. Definisheni ya daftari ni ile ndefu, kiasi cha dutu chenye chembe nyingi sawa na atomi zilizomo kwenye gramu 12 za kaboni 12, wanaisema kwa pumzi moja kama dua. Hii ya kaboni ilikuwa rasmi toka 1971 na imeshastaafu, kuanzia tarehe 20 Mei 2019 moli imewekwa kwa namba tu, chembe 6.02214076 mara kumi kwa kipeo cha 23, basi, hakuna kaboni hapo. Mimi naipenda hii mpya kwa sababu inasema wazi kwamba moli ni idadi. Sio uzito, sio ujazo. Ni idadi.

Sasa utajuaje una idadi hiyo wakati huwezi kuhesabu? Hapa tena fundi akaniokoa. Nikamuuliza ukienda kununua misumari unahesabu? Akaona kama namtania, misumari inapimwa kwa kilo. Sasa unajuaje itatosha? Anajua msumari wa saizi fulani kilo moja inatoa kama mingapi. Na kilo ya misumari ya inchi sita na kilo ya misumari ya inchi mbili zina idadi sawa? Haiwezekani, ile midogo ni mingi mno. Basi umemaliza moli, nikamwambia, kilichobaki ni kujua msumari wa kila elementi una uzito gani, na hiyo ipo kwenye jedwali la elementi ukutani. Moli moja ya chumvi ni gramu 58.5, moli moja ya maji ni gramu 18, moli moja ya sukari ni gramu 342 kwa sababu molekuli ya sukari ni jitu kubwa, atomi 12 za kaboni, 22 za haidrojeni na 11 za oksijeni.

Alafu nikaweka mezani vitu vitatu, kilo ya sukari, pakiti ya nusu kilo ya chumvi na chupa ya maji ya nusu lita, nikauliza wapi kuna chembe nyingi. Asilimia kubwa walisema sukari kwa sababu ni nzito na ni kilo nzima. Hesabu ikafanyika ubaoni, mama wa vitumbua ndo alishika chaki. Sukari, gramu 1000 gawa kwa 342, haifiki hata moli 3. Chumvi, 500 gawa kwa 58.5, moli 8 na nusu. Maji, 500 gawa kwa 18, karibu moli 28. Chupa ya maji ya shilingi mia kadhaa imeipita kilo ya sukari mara tisa na zaidi. Mama akasimama pale akaangalia ubao, akasema sasa ndo naelewa kwanini tunagawa. Maana miaka yote alikuwa anagawa tu kwa sababu fomula imesema gawa.

Kwa wanaopenda historia, ile namba ya chembe za moli moja inaitwa namba ya Avogadro, ila mwanasayansi Avogadro mwenyewe hakuwahi kuijua, alifariki 1856, na ni Jean Perrin aliyeipa jina la Avogadro mwaka 1909. Alichosema Avogadro ni kwamba gesi zenye ujazo sawa kwenye joto na presha sawa zina idadi sawa ya molekuli, na kutoka hapo ndo tunapata zile desimita 22.4 za ujazo kwa moli moja ya gesi kwenye nyuzi 0 na presha ya atimosfia moja. Nasisitiza nyuzi 0, sisi tuko Tanga hapa, darasani nyuzi 30, ukitumia 22.4 umeshakosea kabla hujaanza, ile namba inatumika pale swali linapotaja hali hiyo.

Tukaja kwenye asidi na besi (besi inayoyeyuka kwenye maji ndo alkali), na hapa kinamama wamenizidi darasani. Kila mwanamke aliyefua kanga yenye doa la mchuzi wa manjano anajua kwamba ukilipaka sabuni ya mche doa linageuka jekundu jekundu kama damu iliyokauka, unapata mshtuko, unasuuza linarudi njano. Hiyo ni indiketa, kitu kinachobadili rangi kuonyesha asidi au alkali. Manjano ni njano kwenye asidi na kwenye maji ya kawaida, inakuwa nyekundu ya kahawia kwenye alkali, na sabuni ya mche ni alkali. Tukakata vipande vya karatasi nyeupe, tukavichovya kwenye manjano tuliyoiloweka kwenye spiriti, tukakausha, tukapita navyo mtaani kupima vitu, magadi yale tunayotia kwenye maharage yakageuza karatasi hapohapo, maji ya chokaa yakageuza, siki haikugeuza, ndimu haikugeuza. Ukichukua karatasi iliyogeuka ukadondoshea ndimu inarudi njano. Mpaka hapo hakuna aliyenunua litimasi, zile karatasi za maabara za kupimia asidi.

Ila kuna jozi moja ya maneno inawachanganya wote, hata walioenda fom faivu, asidi kali na asidi iliyokolea. Wanaona ni kitu kimoja. Kukolea ni wingi, umetia moli ngapi kwenye lita moja. Ukali ni tabia ya asidi yenyewe, ikiingia kwenye maji inaachia haidrojeni zake zote au inabana. Haidrokloriki inaachia karibu zote. Siki ya jikoni, ile ya asilimia 5, ina kama moli 0.8 kwa lita na hapo molekuli zilizoachia haidrojeni hazifiki hata 1 kati ya 100. Kwa hiyo unaweza kuwa na asidi kali iliyozimuliwa mpaka haina madhara na unaweza kuwa na asidi dhaifu iliyokolea mpaka inachoma ngozi. Utajuaje ipi kali? Usinuse na usionje, tengeneza mimumunyo miwili yenye moli sawa kwa lita, mmoja wa haidrokloriki na mmoja wa siki, chovya penseli mbili zilizochongwa pande zote, unga betri na kitaa kidogo. Kwenye haidrokloriki taa inawaka vizuri, kwenye siki inafifia, kwa sababu kinachobeba umeme mle ndani ni ioni. Fanya dirisha likiwa wazi na usiiache muda mrefu, ile ya haidrokloriki inatoa klorini.

Mrututu nao una siku yake. Unapatikana maduka ya pembejeo, ni kopa salfeti, na nautumia kuwatoa kwenye wazo kwamba chumvi ni ya kwenye chakula tu. Ni chumvi, ni ya bluu, na ni sumu, kwa hiyo kijiko cha maabara hakirudi jikoni. Ukiupasha kwenye bati unapauka unakuwa mweupe kwa sababu maji yaliyofungwa ndani ya fuwele yametoka, molekuli tano kwa kila moja ya kopa salfeti, ukidondoshea tone la maji bluu inarudi na bati linapata moto. Kwa hiyo ule mweupe ni kipimo cha kujua kama kitu kina maji ndani yake. Tuliujaribu kwenye spiriti ya dukani, ukaanza kuwa bluu, dada wa duka la dawa akatingisha kichwa.

Yeye ndo alileta haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda, ile ya asilimia 3, tulipofika kwenye kichocheo. Definisheni waliyokuja nayo ilisema kichocheo ni kitu kinachoongeza kasi ya mmenyuko bila kushiriki. Bila kushiriki kivipi, kinasimama pembeni kinashangilia? Kinashiriki, ila mwishoni kinapatikana chote na hakijabadilika kikemia. Utajuaje? Fundi akasema tupime kabla na baada. Sawa. Tukapasua betri za redio zilizokufa, zile za bei rahisi, sio alkalaini maana zile zina potasiamu haidroksaidi inayounguza, tukatoa ule unga mweusi ambao ndani yake ndo kuna manganizi dayoksaidi. Nilijua ule unga pia una makaa na chumvi chumvi zinazoyeyuka, tungeupima hivohivo ungepungua wenyewe kwa kuoshwa na tungesema kichocheo kimeliwa, kwa hiyo ukaoshwa mara kadhaa, ukachujwa, ukaanikwa juani kwenye bati mpaka ukakauka. Sonara wa jirani akatuazima mizani yake ya dhahabu kwa masharti makali.

Peroksaidi ikamwagwa juu ya unga, povu likapanda mpaka mdomo wa glasi, kijiti chenye kaa kikaingizwa kikawaka puu, oksijeni hiyo. Ilipotulia tukachuja, tukakausha, tukapima. Uzito ulipungua. Darasa likagawanyika pale pale, wapo waliosema si mnaona, kinatumika, wapo waliosema kimebaki kwenye karatasi ya kuchujia, na kweli karatasi ilikuwa nyeusi tii. Nikauliza karatasi ilikuwa na uzito gani kabla? Hakuna aliyeipima. Wakarudia mwanzo bila mimi kuwaambia, safari hii karatasi ikapimwa kwanza na kuandikwa ubaoni, fundi akajipa usimamizi wa kukausha, hataki mtu asogee. Wakapima unga ukiwa pamoja na karatasi, wakatoa, namba zikakaribiana mpaka tofauti ikabaki kwenye desimali ya pili, alafu ubishi ukaanza upya, mama wa vitumbua anasema ule ni unyevu haujakauka, dada wa duka la dawa anasema mizani ya sonara inacheza, na sonara mwenyewe ameshafika mlangoni anataka mizani yake.